Andika Paa Linavuja

Sura ya 17 ya riwaya yangu ya mapenzi ilinikaa kooni siku tisa. Kumi na sita zilizotangulia zilikuwa zimeshatoka, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kama ninavyozituma siku zote kwa wasomaji wangu wa WhatsApp, na kila mmoja wao alijua kinachofuata. Idrisa lazima amwambie Tatu kwamba anampenda. Hapakuwa tena na pa kukwepea. Idrisa ni deiwaka kwenye daladala ya Tandika–Kariakoo: gari si lake, na hata zamu si yake, anashika usukani siku mwenyewe akiumwa au akipata msiba. Tatu ni mshonaji, ana cherehani moja kwenye baraza ya duka Kariakoo, na jioni anarudi kwao Tandika. Nimewasogeza pole pole tangu sura ya 3. Sasa wamefika, wamesimama, wananitazama mimi.

Usiku wa kwanza nilimpa Idrisa maneno haya: "Tatu, wewe ndiye hewa ninayovuta." Usiku wa pili: "Siwezi kuishi bila wewe." Wa tatu nikamtoa na machozi. Huwa naamka saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, wakati mtaa umetulia na feni ndiyo inayosikika peke yake. Naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, halafu najisomea kwa sauti ya chini. Na kila nilipomsoma Idrisa nikasikia sauti ya mtu mwingine. Nilisikia zile tamthilia za nje zinazoingizwa sauti za Kiswahili. Wanaoziingiza sauti wanaijua kazi yao, na jioni nyingi nami nakaa kuziangalia. Ila yule hakuwa Idrisa. Kwa sura 16 Idrisa amesema "kaa vizuri dada," amesema "foleni ya leo Keko sijapata kuiona," na siku moja, sura ya 11, alisema "pole na kazi" nami nikaona nimempa maneno mengi. Mtu wa namna hiyo hawezi kulala akaamka anamwambia mwanamke kuwa ni hewa.

Ujumbe wa sauti ukaanza kuingia. "Dada, kulikoni, Idrisa kapata ajali?" Mwingine: "Kama unaumwa tuambie tuje." Nikaona aibu kwamba watu wananiombea dua na mimi tatizo langu ni neno moja.

Nilijifunza kuandika mapenzi nikiwa darasa la sita, Temeke, mwaka 1993, kwa kuandika barua za watu. Dada wakubwa wa mtaani walinifundisha mwanzo wake, na mpaka leo nikifumba macho naweza kuutiririsha: kwako wa ubani, natumai hu mzima wa afya, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mwandiko ukikamilika unapaka poda kidogo ndani ya bahasha, ikifunguliwa inukie. Nilikuwa nalipwa visheti.

Jirani yetu mmoja mumewe alikuwa kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga. Yeye hakujua kusoma. Siku moja ya masika aliniita, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kutaja ya kuandikwa huku anachambua mchele. "Mwambie mvua zimeanza. Mwambie watoto wazima. Mwambie paa linavuja, upande wake wa kitanda, nimeweka beseni." Basi. Mimi nikaona barua kavu kabisa, mke anamwandikia mume halafu hakuna hata neno la mahaba! Nikamsaidia. Nikaongeza waridi, nikaongeza usiku wa mbalamwezi, nikaongeza machozi yanayolowesha mto. Aliponiambia nimsomee, nilisoma kwa madaha.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Akauliza, "Hayo ya maua nani kakutuma?" Nikanyamaza. "Futa, mwanangu. Andika paa linavuja. Atajua."

Nikachana ukurasa, nikaandika upya, mistari minne. Mumewe alikuja kabla masika hayajaisha, na mabati manne yamefungwa juu ya keria ya basi. Niliyaona yakishushwa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na sikuelewa sawasawa nilichokiona, ila nilijua kwamba maua yangu yasingeleta yale mabati.

Miaka mingi baadaye, nimeshaandika riwaya sita, ndiyo niligundua kazi yangu iko wapi hasa. Lile neno "beseni" lilibeba mzigo kwa sababu yule mume alikijua kitanda, aliujua upande wake, alilijua lile paa. Msomaji wangu hajui lolote kati ya hayo. Lazima nimkalishe kwenye kile chumba sura 16, alale humo, asikie mvua, ili siku mtu akitaja beseni naye ashtuke. Kinachonila muda ni huko nyuma. Neno lenyewe likifika halichukui hata mstari.

Kwa hiyo napanda vitu mapema. Tatu ana mtandio ambao pembe yake moja ina fundo, na ndani ya fundo mna nauli ya kurudi: sarafu ya mia tano na sarafu ya mia. Anaifunga asubuhi kabla hajatoka, kwa sababu siku moja huko nyuma aliwahi kutembea kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka Tandika, na sura ya 2 inaeleza kwa nini. Konda akifika, Tatu anafungua fundo kwa meno, mikono ikiwa imeshika mfuko wa vitambaa. Nimelitaja fundo hilo mara saba, kila mara kwa namna nyingine, nikiomba msomaji aone kitu cha kawaida tu. Na Idrisa analiona, kwenye kioo.

Kwenye kioo hichohicho ndiko walikoanzia. Sura ya 3 Tatu amejitanda kanga yenye jina linalojulikana na kila mtu, "Sisi sote abiria dereva ni Mungu," na maandishi yameangukia begani. Idrisa anayaona kwa nyuma, herufi zimegeuka, na inamchukua vituo vitatu kuyasoma. Alipomaliza akatabasamu peke yake. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati langu na kanga begani karibu robo saa kuhakikisha kwamba inasomeka. Inasomeka, lakini kwa shida, na shida ile ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Lugha yenyewe inanisaidia kuliko watu wanavyodhani. Nasikia wengi wakisema Kiswahili hakina maneno ya mahaba. Mimi naona kina kitu bora zaidi, kina nyakati. Anayesema "nimekupenda" ndiyo kwanza amepigwa, jambo limemtokea na bado limemkalia. "Nakupenda" ni ya mtu aliyetulia nayo. "Ningekupenda" inaacha mlango wazi kidogo, na "ningalikupenda" inakwambia mlango ulishafungwa, umechelewa. Riwaya yangu ya nne inavunjika kwa silabi moja tu: mwanamke amesubiri kitabu kizima kusikia "nimekupenda," na yule bwana, kituo cha mabasi, mizigo imeshapakiwa, anamwambia "nilikupenda." Sikuongeza kitu. Msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba alisoma mstari ule akadhani nimekosea kuchapa, akarudi nyuma kuusoma tena, halafu akalia. Na "tunapendana" huwezi kuisema peke yako ikawa kweli. Ile "-ana" inataka mtu wa pili, hata kwenye sarufi.

Halafu kuna hii "a" yetu isiyosema kama ni mwanamke au mwanaume. "Alimtazama. Hakusema kitu. Akamshika mkono." Nani kamshika nani? Mwanzoni ilinitesa sana, nikawa narudia majina mpaka ukurasa unachosha: Tatu akamwangalia Idrisa, Idrisa akamwambia Tatu. Siku hizi natofautisha kwa kazi zao. Mkono wenye alama za sindano unajulikana ni wa nani, mkono wenye grisi kwenye kucha unajulikana. Futi shingoni ni Tatu, hakuna haja ya kumtaja. Na pale ninapotaka wachanganyike, naacha "a" ifanye kazi yake. Sura ya 14 Luku imeisha, wako barazani kwa mama yake Tatu gizani, na kwa kurasa tatu kuna mtu anasimulia kifo cha baba yake na mwingine analia. Sikusema ni nani. Wasomaji walibishana siku mbili, wanawake wengi wakisema aliyelia ni Idrisa. Lugha nyingi zingenilazimisha kusema.

Kuna swali naulizwa mara nyingi, hasa na vijana wanaotaka kuanza: je, chumbani tuandikeje? Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilizuiwa mashuleni kwa jinsi kilivyoyaweka mambo ya mwili wazi, na baadaye kikaja kusomeshwa. Nakitaja kwa sababu watu wakishajua habari hiyo hudhani zipo njia mbili tu, kufunua yote au kuandika "wakakutana kimwili" kama afisa wa polisi anayejaza fomu. Maneno ya tafsida ya namna hiyo ni baridi, hayafai popote penye mapenzi. Mimi huandika asubuhi yake. Ndoo mbili za maji ya moto bafuni badala ya moja. Kanga mbili kwenye kamba kabla jua halijachomoza, na mama wa nyumba ya jirani anayeziona, anasalimia kwa heshima kuliko jana. Mtu mzima ataelewa, na binti wa miaka kumi na minne akichukua simu ya mama yake hatakutana na kitu cha kumdhuru.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Nilianza mwaka 2004 kwa hadithi za mfululizo kwenye gazeti la wiki, wakati huo bila mhariri huna msomaji. Mwaka 2009 kampuni moja ya hapa mjini ilichukua mswada wangu, ikachapa, ikanipa nakala 30, na sikupata shilingi baada ya hapo mpaka nikaacha kwenda kuulizia. M-Pesa ilikuwa imeingia nchini mwaka mmoja kabla, 2008, na sikujua kwamba ndiyo ingenilisha. Leo sura kumi za mwanzo natoa bure, zinazobaki msomaji analipa shilingi 2,000, na inaingia moja kwa moja kwenye simu yangu. Vitabu navichukulia namba ya ISBN pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na najua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, iko upande wangu. Lakini sheria haimkamati mtu anayesukuma faili kwa shoga yake saa tano usiku. Mwaka juzi mtu nisiyemjua alinitumia riwaya yangu mwenyewe, nzima, jina langu limefutwa ukurasa wa kwanza, akinisihi niisome kwa kuwa ni nzuri. Iliniuma mno. Niliweka simu chini, sikuandika wiki nzima.

Kwa hiyo mchana nina kazi nyingine. Niko steshenari Temeke, nachapa barua za maombi ya kazi, risala za harusi, mikataba ya kupanga. Siiachi hata riwaya zikinilipa vizuri, kwa sababu watu wanaokuja kuchapiwa wanasema maneno ambayo nisingeyapata kwenye kaunta buku langu alfajiri. Mwaka jana walikuja vijana wawili, mume na mke, wamepata chumba cha kwanza maishani. Mwenye nyumba kawaambia mkataba uwe na jina moja. Nikauliza la nani. Kijana akajibu akiwa anaangalia printa, "Andika la kwake. Mimi nitakuwa nakuja." Mkewe akampiga kofi la bega. Wanaishi pamoja, anakuja kutoka wapi? Nilichapa mkataba ule mikono ikinitetemeka, na nikaupigia mstari moyoni: huyu ni ndugu yake Idrisa, hawa wapo, naishi nao.

Wapo watu wanaoniambia kwa huruma kwamba nina kipawa, nigeukie uandishi wenyewe. Vyuoni riwaya kama zangu zinaitwa riwaya pendwa, na upande wa pili zipo riwaya dhati, zile zinazohesabiwa nzito. Wataalamu wana sababu zao za kugawa hivyo na mimi napenda kusoma za pande zote mbili. Neno "pendwa" nalipokea kwa mikono miwili. Ila napinga kwa nguvu zangu zote kwamba mshonaji anayefunga nauli kwenye mtandio si jambo zito. Nani ameamua kwamba uzito ni wa waliokufa vitani na mawaziri waliokula fedha? Kuna wanawake wananiandikia kutoka Kigamboni, kutoka Gongo la Mboto, wanasoma sura yangu wakiwa wamesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba. Wana madeni na wagonjwa nyumbani. Dakika kumi hizo nawapa mtu anayeangaliwa vizuri na mtu mwingine, na siwezi kuwapa kitu cha ovyo.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda Kariakoo kununua rimu za karatasi za ofisini, nikapanda daladala ya Tandika ili nipitie kwa mama mkubwa kabla ya kurudi kazini. Joto la Februari, gari limejaa, konda anakuja anapokea nauli huku akigongagonga sarafu mkononi. Mbele yangu, siti ya nyuma ya dereva, alikaa mwanamke wa makamo na kikapu cha dagaa mapajani. Konda akamnyooshea mkono. Yule mama akaanza kujipekua kiunoni.

Dereva hakugeuka. Hakutazama hata kioo. Alisema tu, "Huyo stafu."

Konda akapita, akanyoosha mkono kwangu.

Wasiopanda daladala nitawaeleza. Stafu ni mtu wa ndani ya kazi, dereva mwenzao, konda mwenzao, anapanda bila kulipa. Na gari lina tajiri wake, na tajiri anasubiri hesabu yake jioni, haijalishi siti ngapi zimekwenda bure. Anayesema "huyo stafu" analipa yeye. Akiwa deiwaka analipa mara mbili, kwa sababu hata yeye mwenyewe ni stafu wa kuazima. Gari si lake, siku si yake, halafu mbele ya abiria thelathini anasema huyu ni wa kwetu.

Yule mama sijui alikuwa nani wake. Pengine dada yake, pengine mkwewe. Alirudisha mkono kwenye kikapu, akaangalia dirishani, basi. Nilishuka Chang'ombe, sikuwa nimefika. Nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa, nikafungua rimu moja ya karatasi za watu, na sura ya 17 ikaandikika yote kabla kahawa ya pili haijapoa. Konda anafika kwa Tatu. Tatu ameshaweka fundo la mtandio kwenye meno. Idrisa anasema maneno mawili. Tatu anabaki na fundo mdomoni, halijafunguka, mpaka Tandika.

Kwa mama mkubwa nilifika jua limeshapoa. Macho yake yana mtoto wa jicho, hasomi tena, mimi ndiye ninayemsomea, na sura haitoki mpaka ameisikia. Nikamwamkia, nikaketi mkekani, nikasoma. Hakusema "nzuri," hajawahi kusema. Alikaa kimya, akaomba maji, akanywa, akauliza:

"Sasa ile hela kaifanyia nini?"

"Hela gani, mama mkubwa?"

"Ya fundoni. Mia sita yake. Mtu kakuambia wewe ni wa kwao, nauli umerudi nayo nyumbani. Unalala nayo hivi hivi?"

Sikuwa nimeifikiria. Sura 16 naifunga na kuifungua ile nauli, halafu siku ambayo haikutumika nikaiacha ndani ya fundo nikadhani nimemaliza.

Nilituma sura ya 17 usiku ule ule. Sura ya 18 inaanza saa kumi na moja alfajiri, Tandika, kwenye jiko la mama muuza vitumbua. Tatu ndiye mteja wa kwanza. Anafungua fundo kwa vidole, si kwa meno, anahesabu sarafu mbili, anasema apewe vya mia sita, vifungwe kwenye karatasi, vya moto, anawahi gari.